Mtoto akitimiza miaka saba: kisa cha dereva wa lori, fundi cherehani na watoto wao wawili

Kisa hiki kimetungwa. Ukienda Mbagala kumtafuta mama huyu hutampata, lakini hakuna kipande chake ambacho ofisa ustawi wa jamii hajakutana nacho mezani kwake. Kimejengwa juu ya sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya 2011 pamoja na Mahakama za Kadhi, na si kila kitakachosemwa hapa kinafaa kule.

Baba ana miaka 36, ni dereva wa lori la masafa, Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia Tunduma. Mama ana miaka 31, ana banda la kushonea nguo. Walianza kuishi pamoja 2015. Mahari ilipelekwa nusu, nusu nyingine ikaahidiwa, na hakuna aliyekwenda kanisani, msikitini wala bomani. Wana msichana wa miaka 8 aliye darasa la tatu katika shule ya binafsi inayofundisha kwa Kiingereza, na mvulana wa miaka 4 aliye chekechea. Vyeti vyote viwili vya kuzaliwa vina jina la baba. Januari 2024 baba alihama, na sasa anaishi na mwanamke mwingine ambaye wana mtoto mchanga.

Miezi mitano ya kwanza alikuwa anatuma hela, safari hii 200,000, safari nyingine 120,000, bila tarehe maalum. Likizo ya Juni akawachukua watoto wote wawili kwenda kwa mama yake Singida, wiki mbili. Alirudi na mvulana peke yake. Mama alipouliza, alijibiwa kwa ujumbe wa simu: "Huyu mkubwa ameshavuka miaka saba, kisheria ni wangu. Mdogo kaa naye mpaka afike." Mwezi uliofuata hela haikuja, kwa hoja kwamba hawezi kulipia nyumba mbili. Mama naye akamfungia geti: kama huleti matumizi, mvulana humwoni.

Kwa hiyo katikati ya Julai hali ilikuwa hivi. Msichana yuko Singida na shule imeshafunguliwa, ada ya Julai haijalipwa, mvulana hamwoni baba yake, na kila mzazi ana uhakika kwamba mwenzake ndiye aliyevunja sheria kwanza.

Hiyo saba ilikotoka

Imani kwamba mtoto akifikisha miaka saba anahamia kwa baba imeenea kiasi kwamba hata akina mama wenyewe huikubali na kuanza kumfungasha mtoto nguo. Haikutoka hewani. Sheria ya Ndoa ya 1971, na baadaye kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto ya 2009, zinasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vyema akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na papo hapo mahakama inatakiwa kuangalia madhara ya kumhamisha mtoto huku na huko.

Kilichoandikwa kinaishia hapo. Hakuna mstari unaosema kwamba akitimiza saba anakuwa wa baba. Kinachotokea siku hiyo ni kwamba mama anapoteza ule mwanzo wa faida aliokuwa nao, na hakimu anawapima wazazi wote wawili. Kuanzia hapo swali ni lilelile la siku zote: manufaa ya mtoto yako wapi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinampa hakimu mambo ya kupima, yakiwemo umri na jinsia ya mtoto, maoni ya mtoto mwenyewe kama ameyatoa kwa uhuru bila kufundishwa, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja, na umuhimu wa malezi yake kuendelea bila kukatika.

Katika kisa hiki hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyombana baba. Msichana alikuwa ametenganishwa na mdogo wake na ameondolewa shuleni katikati ya mwaka. Lakini lililokuwa zito zaidi hakuna aliyelisema mpaka ofisa ustawi alipouliza: baba yuko barabarani siku ngapi kwa mwezi? Jibu lilikuwa siku ishirini, wakati mwingine zaidi, kutegemea foleni za mpakani. Yaani akipewa mtoto, atakayemlea ni bibi wa Singida. Bibi anaweza kuwa mlezi mzuri kabisa, na sheria inamruhusu ndugu kuomba kukaa na mtoto. Ila hapa bibi hakuomba chochote. Aliyeomba ni baba, na ombi lake likisomwa vizuri lilikuwa ni la kumpelekea mtu mwingine mtoto.

"Hatukuoana"

Hoja hii baba aliitoa mapema, pale ustawi wa jamii, na aliitoa kwa sauti ya mtu aliyefunga mjadala. Haifungi chochote. Wajibu wa kumtunza mtoto chini ya Sheria ya Mtoto unatokana na uzazi, na ndoa haihitajiki. Kifungu cha 8 kinataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata nafasi ya kucheza, bila kuuliza kama wazazi wana cheti cha ndoa. (Zamani kulikuwa na sheria ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliyoweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Ilikaa kwenye vitabu mpaka Sheria ya Mtoto ilipoifuta mwaka 2009, na kufikia wakati huo hela hiyo ilikuwa haitoshi hata mkate.)

Ndoa ina uzito kwa mambo mengine. Kama mama angetaka kudai sehemu ya kiwanja walichonunua pamoja, au matunzo yake mwenyewe, angelazimika kupita njia ya Sheria ya Ndoa: kuthibitisha dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, ambayo huanzia kwenye kuishi pamoja miaka miwili au zaidi huku jamii ikiwatambua kama mume na mke, na kuanza na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya mahakama. Wengi huchanganya njia hizi mbili kwenye karatasi moja na kesi ya matunzo inakwama kusubiri kesi ya mali. Mama huyu alishauriwa atangulize watoto. Ushauri huo ulikuwa sahihi. Kiwanja hakiendi popote, na ada ina tarehe.

Baba alipoona hoja ya ndoa haisongi, akatishia DNA. Vipimo hivyo kwa Tanzania viko chini ya sheria maalum ya vinasaba vya binadamu ya 2009 na hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu hajiendei tu na nywele za mtoto kwenye bahasha. Ombi hupitia mamlaka zinazotambuliwa, kama vile mahakama au ofisa ustawi wa jamii. Mahakama inaweza kuamuru kipimo, lakini inaangalia pia ushahidi mwingine: jina kwenye rejista ya vizazi, sherehe ya kimila aliyofanya baba, namna alivyomtambua mtoto mbele ya watu. Mwanamume aliyeandika jina lake kwenye vyeti viwili, akalipa ada miaka mitatu na kusaini fomu ya shule kama mzazi, ana kazi kubwa ya kueleza shaka yake imeanza lini. Alipoulizwa hivyo, aliiacha hoja.

Singida: kabla ya amri, hakuna aliyeiba

Kaka zake mama walikuwa tayari kukodi gari. Walikuwa na mpango wa kufika Singida alfajiri, kumchukua msichana na kurudi. Mipango ya namna hii huishia kwenye ugomvi, polisi, na mtoto anayelia katikati ya watu wazima wanaovutana. Kisha kwenye kesi mama anaandikwa kuwa mtu wa fujo.

Lakini na upande wa polisi kulikuwa na ukuta. Mama alikwenda Dawati la Jinsia na Watoto kuripoti kwamba mwanawe ameibwa, akaambiwa arudi kwa ustawi kwa kuwa "ni mambo ya familia". Alikasirika, na hasira yake ilieleweka, ila ofisa yule hakukosea sana. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye. Kabla mahakama haijasema mtoto akae na nani, wazazi wote wawili wana wajibu na haki za mzazi, na ni vigumu kumwita mmoja wao mwizi. Amri ikishatoka, kitendo kilekile kina jina lingine. Ndiyo sababu ya kwanza ya kutafuta amri hata kama mnaelewana kidogo, kwa sababu inaigeuza kauli ya "nimechelewa kumrudisha" kuwa jambo lenye matokeo.

Njia iliyofanya kazi ilikuwa hii. Alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri akiwa na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua ya shule inayoonyesha kwamba mtoto hajaripoti tangu shule ifunguliwe. Hiyo barua ya shule ndiyo iliyoamsha ofisi. Malalamiko ya mzazi dhidi ya mzazi yamejaa kwenye mafaili, bali mtoto asiyekwenda shule ni jambo la haraka. Baba akaitwa kwa barua. Wito wa kwanza hakuja, alikuwa safarini. Wa pili alikuja, yakaandikwa makubaliano: msichana arudishwe ndani ya siku saba, baba atoe 300,000 kwa mwezi. Wote walisaini, na ofisa akagonga muhuri.

Msichana hakurudi, wala hela haikuonekana.

Makosa hapa ni ya kudhani kwamba muhuri wa ustawi ni sawa na wa mahakama. Makubaliano yale ni ushahidi mzuri, yanaonyesha baba alikiri watoto na alikiri anaweza kutoa 300,000, lakini peke yake hayamkati mtu mshahara wala hayamlazimishi kumrudisha mtoto. Mama alipoteza wiki tano akisubiri karatasi ifanye kazi isiyokuwa yake. Makubaliano yakivunjwa mara ya kwanza, siku hiyohiyo nakala yake ibebwe kwenda mahakamani.

Maombi yaliingia Mahakama ya Watoto mwezi Agosti, yakiambatana na kiapo. Hakuwa na wakili. Alisaidiwa na msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na isiyolipiwa na mhitaji. Kwa wakazi wa Temeke kuna pia Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichoanza 2021, ambako ngazi kadhaa za mahakama na ustawi wa jamii viko sehemu moja, na hilo linapunguza nauli za kuzunguka. Mahakama ya Watoto haisikilizi kesi hizi mbele ya umati. Wanakuwepo wahusika na ofisa ustawi, na hakimu anaweza kuzungumza na mtoto pembeni. Jambo la kwanza lililoombwa lilikuwa amri ya muda ya kumrudisha msichana shuleni wakati maombi makuu yanaendelea. Ilitolewa. Alirudi Septemba, akiwa amekosa zaidi ya wiki nane za masomo.

Kutoka 950,000 hadi 500,000

Hapa ndipo maombi mengi ya matunzo huvunjika. Mama aliandika kwenye kiapo chake cha kwanza kwamba anaomba 950,000 kwa mwezi. Aliifikia hivi: chakula 360,000, kodi 160,000, umeme na maji na gesi 60,000, ada 100,000, basi la shule 42,000, chekechea 30,000, nguo 48,000, matibabu 50,000, na mtaji wa banda 100,000. Kila namba ilikuwa ya kweli kwenye maisha yake, isipokuwa kwamba zilikuwa gharama za nyumba nzima. Nyumbani wanaishi watu wanne: yeye, mdogo wake wa kike aliyeajiriwa saluni, na watoto wawili. Mtaji wa banda si matunzo ya mtoto kabisa.

Wakili wa baba angefurahi kuisoma orodha ile. Msaidizi wa kisheria akaivunja upya, kila kinachotumiwa na wote kikagawanywa kwa vichwa, na vinavyolipwa miezi kumi kwa mwaka vikasambazwa kwenye miezi kumi na miwili:

- Chakula, 12,000 kwa siku kwa watu wanne; sehemu ya watoto: 180,000
- Kodi ya nyumba, nusu ya 160,000: 80,000
- Umeme, maji na gesi, nusu ya 60,000: 30,000
- Ada ya msichana, 1,200,000 kwa mwaka: 100,000
- Basi la shule, 42,000 kwa miezi 10: 35,000
- Chekechea, 30,000 kwa miezi 10: 25,000
- Sare, viatu, nguo na madaftari, 360,000 kwa mwaka: 30,000
- Dawa na matibabu yasiyo kwenye bima: 20,000

Jumla 500,000. Kila mstari ukawekewa karatasi: mkataba wa pango, risiti za ada, kadi ya basi, ujumbe wa kununua umeme wa miezi mitatu. Chakula hakina risiti sokoni, na hakimu anajua. Kinachotakiwa ni bei zinazoeleweka kwa mtu anayenunua unga na dagaa mtaa huohuo. Gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi ni miongoni mwa mambo ambayo sheria inataka yaangaliwe wakati wa kupanga matunzo.

Baba alipinga ada. Hoja yake ilikuwa kwamba shule za serikali hazina ada, kwa hiyo 100,000 ni anasa. Kwa familia nyingine hoja hiyo ingepita. Hapa ilikwama kwenye kifungu cha 26, kinachompa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla ya wazazi kuachana. Shule ile aliichagua baba mwenyewe, kabla ya kutengana, na kipato chake hakikuwa kimeshuka. Angekuwa amepunguzwa kazini, mazungumzo yangekuwa mengine.

Slipu ya mshahara na kile kisichoandikwa

Baba alileta slipu: mshahara ghafi 600,000. Ukitoa mchango wa pensheni wa NSSF 60,000 na kodi ya mapato 24,000 zinabaki 516,000. Akasema ndicho kipato chake chote.

Kila aliyewahi kukaa na madereva wa masafa anajua kwamba slipu inasimulia nusu ya habari. Kuna posho ya safari. Mama hakuwa na ushahidi wowote wa posho ila kumbukumbu, na "mimi nilikuwa naiona" haitoshi. Alichofanya ni kuomba mahakama iamuru baba alete taarifa za benki na za pesa za simu za miezi sita, pamoja na barua ya mwajiri. Zilipoletwa, posho za miezi sita zilijumlisha 2,304,000, wastani wa 384,000 kwa mwezi. Baba alieleza kwamba kwa mwezi hutumia kama 150,000 kwa chakula na maegesho njiani, na hilo lilikubaliwa kwa kuwa posho hutolewa kwanza kwa ajili hiyo. Zikabaki 234,000. Kipato cha kufanyia hesabu kikawa 750,000.

Kipato cha mama kutoka bandani, baada ya vitambaa, nyuzi na pango la banda, kilikuwa 250,000, kwa mujibu wa daftari lake la wateja. Daftari lile la kawaida la kaunta lilimsaidia kuliko kiapo chochote.

Sheria haina fomula. Hakuna asilimia iliyowekwa kwa mtoto mmoja au wawili, na anayekuambia ipo anakupotosha. Kinachoangaliwa ni kipato na mali za wazazi wote wawili, uwezo wa kuzalisha kipato kama umepungua, watoto wengine wanaowategemea, gharama za maisha na haki za mtoto. Kuna mvutano kidogo hapa na Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 129 kinaweka mzigo wa kwanza kwa baba, na mama anaingia pale baba amefariki, hajulikani alipo au hana uwezo. Kwa vitendo, kwenye maombi ya Sheria ya Mtoto, mama anayejificha nyuma ya kifungu hicho na kusema kipato chake hakihusu anaonekana anaficha kitu. Wenzetu wa Kenya waliumaliza ubishi huu kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 53, inayosema wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana.

Kwa uwiano wa vipato, 750,000 kwa 250,000, baba angebeba robo tatu ya 500,000, yaani 375,000. Yule mtoto mchanga wa nyumba mpya naye ana tumbo. Mtoto mwingine hafuti wajibu kwa waliotangulia, ila anahesabiwa, na hapa alipunguza 25,000. Sehemu ya baba ikasimama kwenye 350,000, ya mama 150,000. Ukikaa na hesabu hiyo utaona kwamba mama anabaki na 100,000 kwa maisha yake yote, na kwamba bila mchango wa mdogo wake nyumba ile haisimami. Kwa vipato vya namna hii, nyumba moja ikigawanyika mbili, upungufu hauna pa kujificha.

Maneno ya amri

Amri ilitolewa Desemba. Hoja kubwa ya kujifunza iko kwenye namna ilivyoandikwa, kwa sababu amri isemayo tu "baba atoe matunzo ya 350,000" ingekuwa imepanda mbegu ya ugomvi wa mwaka mzima.

Iligawanywa. Fedha taslimu 250,000, zitumwe kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi kwenye namba moja ya simu iliyotajwa. Ada 300,000 mara nne kwa mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na nakala ya stakabadhi apewe mama. Kulipa shule moja kwa moja kunaua ile hoja ya "hela yangu inaliwa na shemeji". Watoto wote waandikishwe kama wategemezi kwenye bima ya afya inayolipiwa na mwajiri, ndani ya siku thelathini. Nafasi zilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kupeleka vyeti vya kuzaliwa. Ada ya Julai iliyobaki iwe juu ya baba.

Vitu vya kununua havikuhesabiwa. Baba aliuliza kuhusu baiskeli ya 180,000 aliyomnunulia mvulana. Ni zawadi nzuri na mvulana anaipenda, lakini haiwezi kukatwa kwenye chakula cha Machi.

Watoto wote wawili wabaki kwa mama. Na kwenye kuonana, ratiba ya kawaida ya Jumamosi mbili kwa mwezi ingekuwa mzaha kwa mtu anayeweza kuwa mpakani Kasumbalesa Jumamosi zote mbili. Ikaandikwa kwa kufuata safari: kila akirudi Dar, baba ana haki ya siku mbili na usiku wake mmoja na watoto, akitoa taarifa kwa ujumbe siku tatu kabla, isipokuwa wiki ya mitihani. Simu ya video kila Jumapili saa kumi na mbili jioni popote alipo penye mtandao. Likizo za Juni na Desemba zigawanywe nusu kwa nusu. Singida kwa bibi ruksa, lakini kwa maandishi, na tarehe ya kurudi iandikwe. Kwenye taarifa ya ofisa ustawi msichana alikuwa amesema anampenda bibi yake na hataki kuhamia kwake; amri ilijaribu kutunza yote mawili.

Jambo ambalo hakimu alilirudia kwa wazazi wote ni kwamba matunzo na kuonana ni mabomba mawili yenye koki mbili tofauti, na yote ni ya mtoto. Kifungu cha 26 kinampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye, almradi masomo yasivurugike. Mama aliyefunga geti Julai alikuwa anamnyima mvulana wake haki, hata kama baba alistahili adhabu. Baba aliyekata hela kwa hoja ya nyumba mbili alikuwa anafanya hivyohivyo. Kuvunja kwa mwenzako hakukupi ruhusa.

Machi, hela haikuja

Januari alilipa 250,000 tarehe 4. Februari alituma 100,000. Machi hakutuma kitu, akisema safari zimepungua.

Mama safari hii hakufunga geti. Watoto walikwenda kwa baba yao mwisho wa Februari kama kawaida, na yeye akaandika tarehe kwenye daftari. Wiki ya kwanza ya Aprili alirudi mahakamani akiwa na nakala ya amri na taarifa ya simu inayoonyesha kilichoingia na kisichoingia: deni 150,000 la Februari na 250,000 la Machi. Kurudi mapema ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Deni la miezi miwili linalipika. La miezi kumi na nane linakuwa mlima, baba anaona heri kutoroka kabisa, na mahakama inamuuliza mama alikuwa wapi muda wote huo.

Aliomba mambo mawili: deni lilipwe, na kuanzia hapo fedha zikatwe kwa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamruhusu mwajiri kukata mshahara pale amri ya mahakama inapotaka hivyo, kwa hiyo ofisa rasilimali watu hana haja ya kuomba ridhaa ya dereva. Ombi la namna hii halimfai mtu aliyejiajiri. Kwa mwenye bodaboda au duka, njia inayobaki ni kukamata mali, nayo ni ndefu na hugharimu. Ipo pia njia ya jinai: kukiuka haki za mtoto zilizo kwenye sehemu ile ya Sheria ya Mtoto yenye kifungu cha 8 ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote. Haikutumika hapa, na ni vizuri haikutumika. Dereva aliye gerezani hana safari, na asiye na safari hana posho.

Baba alijitetea kwamba kipato kimeshuka. Huenda kilikuwa kimeshuka kweli. Lakini aliyepungukiwa anatakiwa arudi mwenyewe kuomba amri ibadilishwe, akiwa na slipu mpya na barua ya mwajiri, kabla deni halijaanza. Kujipunguzia kimyakimya kisha kueleza baada ya kuitwa ndicho kilichomfanya akatwe kwenye mshahara, 250,000 kila mwezi kutoka kwenye ile 516,000, na deni la 400,000 akalilipa kwa awamu nne kutoka kwenye posho.

Amri itaendelea kwa kila mtoto mpaka atimize miaka 18, na inaweza kusogezwa mbele kwa anayeendelea na masomo au mafunzo. Mvulana atatimiza miaka saba mwaka 2027. Siku hiyo atalala palepale alipolala jana yake, na anayetaka iwe vingine itabidi apeleke maombi na sababu zake.